Kompyuta inakuibia au kona ndo zinakushinda? Maswali yenu ya gemu za magari

Mwezi huu barua karibu zote ni za magari, na karibu zote zimeandikwa kwa hasira. Nimechukua zile zenye swali ndani yake, zenye matusi matupu nimeziweka pembeni. Ndefu nimezipunguza kidogo ila maneno ni yenu.

Mkuu habari ya saizi. Mimi nacheza gemu ya magari kwenye konsoli na mpinzani wangu mkubwa ni kompyuta. Gari langu na lake ni aina moja, injini moja, kila kitu sawa. Lapu mbili za kwanza naongoza vizuri kabisa, sigongi mtu, kona naingia safi, alafu lapu ya mwisho kwenye ule mstari mrefu jamaa anatokea nyuma ananipita na mimi hapo gesi nimekanyaga mpaka mwisho!! Leo hivo, kesho hivo hivo, sehemu ile ile. Washkaji wanasema sijui kuendesha. Hivi kompyuta inachiti au mimi ndo tatizo? – Nimechoka Kupitwa

Ndugu Nimechoka, yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, ila kwa ulivyoeleza mimi nipo upande wako, na twende na hesabu maana hesabu haina ushabiki.

Tuseme gari lako mwisho wake ni kilomita 200 kwa saa. Hiyo ni kama mita 55 na nusu kila sekunde. Kama umemwacha sekunde 3, kati yenu kuna mita kama 167. Mstari wenyewe tuupe kilomita 1, wewe unaumaliza kwa sekunde 18. Sasa yeye ili awe ubavuni kwako mwisho wa mstari, ndani ya sekunde hizo hizo 18 inabidi atembee mita 1,167, na ukipiga hesabu hiyo ni karibu kilomita 233 kwa saa, kwa gari ambalo umeambiwa linaishia 200 kama lako. Hapo hamna cha ufundi. Hamna kona ya kuingia vizuri wala breki ya kuchelewesha, ni mguu chini tu wote wawili, kwahiyo spidi ya ziada imetoka mahali ambapo wewe huruhusiwi kuchukua. Na mtu asikuambie ni ule wepesi wa kujificha upepo nyuma ya gari la mbele, ule unaupata ukiwa umeshamkaribia mtu, sio ukiwa mita 167 nyuma yake.

Kitu hiki wachezaji wanakiita rababendi. Ukimwacha mbali anaongezewa, ukibaki nyuma wale wa mbele wanapunguzwa, ili muda wote muonane. Ni cha zamani sana. Super Mario Kart ya mwaka 1992 wapinzani walikuwa na silaha zao binafsi wanazotupa bila kuziokota popote, wakati wewe lazima upite kwenye alama ndo upewe kitu, na Mario Kart 64 ya 1996 mpaka leo watu wanaisimulia kwa jinsi unavyoona kwenye ramani jamaa yupo mbali huko nyuma, ukigeuka tu yupo mgongoni. Sababu ya watengenezaji naielewa, ukiwa peke yako mbele dakika tatu nzima bila mtu unasinzia, na anayejifunza akiachwa mara tatu mfululizo anazima. Ila ubaya wake ni kwamba zile lapu mbili ulizoendesha vizuri hazina thamani, ungeweza kuzunguka unapiga miluzi na matokeo yakawa yale yale.

Kuna waliojaribu kwa heshima zaidi. Pure ya mwaka 2008, ile ya pikipiki za magurudumu manne, waliamua badala ya kuchezea spidi ya chombo wachezee uwezo wa dereva, yaani mpinzani akitakiwa kukusogelea anaanza kuendesha vizuri zaidi, na akitakiwa kukusubiri anaendesha vibaya kidogo. Ni msaada ule ule, ila angalau anachofanya ni kitu ambacho na wewe ungeweza kukifanya.

Jinsi ya kuthibitisha ni rahisi. Endesha shindano moja kwa nguvu zako zote, andika muda wote aliotumia mpinzani bora kumaliza. Rudia shindano lile lile, safari hii lapu ya pili simama pembeni kama sekunde 20 alafu uendelee. Angalia tena muda WAKE, sio wako. Kama mwanzo alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 10 na sasa dakika 4 na sekunde 25, basi huyo mtu mwendo wake anausoma kwako. Dereva wa kweli hajali kama wewe umesimama. Ila rudia mara kadhaa, maana mara moja anaweza kuwa kagongana na wenzie.

Ukishathibitisha una njia mbili. Kwanza ingia kwenye setingi, gemu nyingine wameweka kabisa sehemu ya kuizima hasa kwenye mashindano ya kujipangia mwenyewe. Kama haipo, acha kukimbia mbele! Kaa wa pili au wa tatu, karibu yake, nitro yote (ule msukumo wa spidi ya ziada) itunze, alafu umpite kona ya mwisho ambapo hana tena muda wa kuvutwa. Sio ushindi wa kishujaa najua. Lakini ndo sheria za meza uliyokalia, na yeye ndo alizianza.

Kwanini magari ya kompyuta yananigonga kwa nyuma kama hayanioni? Nikifunga breki kidogo tu, bam. Mimi nikiwagusa napewa adhabu. – Bampa Limekwisha

Kwenye gemu nyingi, hasa za zamani, hayakuoni kwa maana unayoifikiria wewe. Gari la kompyuta limechorewa laini yake kwenye njia, wapi lifunge breki, wapi likate, wapi lifungue gesi, na kazi yake ni kuifuata ile laini. Wewe ukifunga breki mita 30 kabla ya sehemu yake, upo juu ya laini yake na yeye muda wake wa kufunga bado. Wengine wamewekewa kukwepa ila wanakwepa wakishachelewa.

Alafu kuna jambo la pili ambalo linauma zaidi. Baadhi ya gemu magari ya kompyuta yanatembea kwa fizikia iliyorahisishwa, kwasababu kupiga hesabu kamili ya matairi ya magari 20 kwa wakati mmoja ni mzigo mkubwa kwa mashine. Ndo maana mkigongana wewe unazunguka mara mbili na yeye anaendelea na safari zake. Hapo hata asipokuzidi spidi, hamchezi mchezo mmoja. Mimi hilo naliona ni baya kuliko rababendi, maana rababendi unaweza kuishi nayo, lakini mwenzio akiwa na tairi zisizoteleza utapambana nae vipi kwenye mvua?

Cha kufanya, kwenye kona kubwa toka kidogo kwenye ile laini kabla hujafunga breki kama una mtu mgongoni. Na lapu ya kwanza usishindane na mtu kona ya kwanza, wote wamebanana pale.

Habari dada/kaka mjibu maswali. Nacheza na mdogo wangu wa miaka 9, tunatumia mode ya wawili. Ile ya kusaidia aliye nyuma imewashwa so hata nikimwacha vipi anarudi, na wakati mwingine ananishinda, na akinishinda nyumba nzima inajua. Niizime? Nikiizima nikamshinda kila siku ataacha kucheza na mimi. – Dada Mkubwa

Pole na hongera kwa pamoja. Hapa mimi jibu langu ni tofauti na nililompa Nimechoka. Kompyuta haina cha kupoteza, mdogo wako anacho. Kati ya watu wawili wasiolingana, msaada sio wizi ilimradi wote mnajua upo. Tatizo linakuja pale yeye anaposadiki ameshinda kwa mikono yake, na wewe unajua sivyo, na hujamwambia.

Mimi ningeizima alafu nimpe msaada wa wazi. Yeye achukue gari lenye nguvu, wewe chukua dhaifu, au umpe atangulie sekunde 5. Ukiona anakuzoea unapunguza, sekunde 4, 3. Hapo kila sekunde inayopungua ni yake, kaipata mwenyewe, na akitangazia nyumba nzima ana haki. Kama mnacheza Mario Kart 8 Deluxe ile ya 2017, kuna usukani wa kujisaidia ambao unamzuia asitoke nje ya njia, mwache nao kwanza, siku akianza kulalamika kwamba unamzuia kukata njia za mkato ujue amekua.

Lile kobe la bluu linalomfuata anayeongoza, ambalo lilianza na Mario Kart 64, najua utaniuliza. Lile mimi sina ugomvi nalo. Kila mtu analijua, linapiga hadharani, na gemu haijawahi kujifanya ni mashindano ya kupima uwezo. Unaongoza mwisho mwisho, unasikia linakuja, unacheka tu.

Nimeweka ugumu wa mwisho kabisa na nashinda kila siku kwa kompyuta, nikiingia mtandaoni na watu nakuwa wa mwisho au wa mwisho kasoro mmoja. Ina maana watu wanachiti? – Bingwa wa Chumbani

Hapana bingwa. Wapo wachache, ila sio wote waliokutangulia.

Wewe umejifunza kumshinda mtu mmoja tu, ambaye ni ile kompyuta. Unajua anafunga breki wapi, unajua akiona pua ya gari lako ndani ya kona anakuachia, unajua kona fulani analala. Hiyo ni elimu na sikudharau, lakini ni elimu ya kumjua yeye, kuendesha ni kitu kingine. Mtu mtandaoni atachelewesha breki pale pale ambapo kompyuta haijawahi, atakufungia mlango, atakudanganya anaingia kushoto.

Alafu ile namba ya ugumu isikupe kichwa. Gemu za F1 za kampuni ya Codemasters zimekuwa na kipimo cha 0 mpaka 110, na waliozicheza wanajua namba ile ile njia moja unaongoza kwa mbali na njia nyingine hata kumi bora hauingii, kwasababu kompyuta haijui njia zote kwa kiwango kimoja. Kwahiyo mtu akisema nacheza 100, muulize wapi.

Ukitaka kujua uwezo wako halisi, ingia kwenye mode ya kukimbizana na saa, hakuna mpinzani, hakuna rababendi, ni wewe na lile gari la kivuli la lapu yako bora. Piga lapu 10 mfululizo za kweli, alafu usiangalie iliyo bora, angalia tofauti kati ya iliyo bora na iliyo mbaya. Kama ni sekunde 3, hapo ndo watu wanakupitia. Wanaokushinda wengi lapu yao bora haikuzidi sana ila lapu zao zote zinafanana. Na karibu siku zote kinachovuruga ni breki. Chagua kitu kimoja kisichohama pembeni ya njia kama kibao cha mita 100 au mwanzo wa ukuta, funga hapo kila lapu hata kama unahisi mapema. Ukishaweza mara kumi bila kukosea ndo usogeze mbele kidogo. Watu wanafanya kinyume, wanaanza kwa kuchelewa, wanatoka nje, wanasema gari halina breki!

Gemu za mtandaoni zilizo makini zinapima vitu viwili tofauti. iRacing tangu 2008 ina, na Gran Turismo Sport ya 2017 ilikuwa nayo mpaka mtandao wake ulipozimwa Januari 2024, alama moja ya ushindani wako na nyingine ya ustaarabu wako, kugonga watu na kukata njia kunakushusha kwenye hii ya pili. Anza kwa kuilea hiyo ya ustaarabu, utapangiwa na watu wanaokuachia nafasi, na hapo ndo utaanza kujifunza kitu.

Shikamoo. Kutumia ile misaada ya gari, ABS (ya breki kutojifunga) na ile ya kuzuia tairi kuteleza, ni kuchiti? Kaka yangu anasema wanaume hawatumii. – Darasa la Sita

Marahaba. Sio kuchiti. Ipo kwenye setingi kwa ajili yako na wengi wanaoshinda mtandaoni wanatumia ABS. Muulize kaka muda wake wa lapu.

Nasikia kuna AI iliwashinda mabingwa wa Gran Turismo. Sasa kompyuta kumshinda mtu ndani ya kompyuta ina ajabu gani, si ipo nyumbani kwake? – Hanidanganyi Mtu

Umeuliza kwa kejeli lakini ndo swali lenyewe hilo, maana jibu linategemea ilishindaje.

Inaitwa GT Sophy, imetengenezwa na Sony AI pamoja na Polyphony Digital wenye Gran Turismo, na utafiti wake ulitoka kwenye jarida la Nature mwezi wa pili 2022. Hii hakuna aliyeichorea laini wala kuiongezea spidi. Ilipewa gari lile lile, matairi yale yale, fizikia ile ile, na ilichoruhusiwa ni kukata usukani, kukanyaga gesi na kufunga breki. Ilijifunza kwa kujaribu tu, kwenye PlayStation 4 zaidi ya 1,000, ikisogea mbele inapewa alama, ikitoka nje ya njia au ikigonga mtu inanyang'anywa.

Na haikushinda siku ya kwanza, watu wanasahau hili. Julai 2021 ikikimbizana na saa peke yake ilikuwa tayari ina kasi kuliko mabingwa, lakini walipowekwa pamoja timu kwa timu watu walishinda kwa pointi 86 kwa 70. Ndo ujue spidi na mashindano ni vitu viwili. Wakarudi kuifundisha, Oktoba mwaka huo huo ikashinda 104 kwa 52. Kazi ngumu ilikuwa adabu. Ukiiadhibu sana kwa kugonga inakuwa mwoga, inaachia kila mtu apite, ukiilegezea inasukuma watu nje. Hata binadamu wanaosimamia mbio za kweli wanabishana kila wiki nani alikuwa na haki ya kona.

Sasa haki ilikuwepo? Upande wa gari ndiyo, kwa asilimia zote. Upande wa mikono pia walijitahidi, ilikuwa inaamua mara 10 tu kwa sekunde, na walijaribu kuichelewesha makusudi kwa milisekunde 100, 200 mpaka 250 ili ifanane na mtu anayeona ndo anafanya, bado ikawa na kasi kuliko watu. Ninapoweka alama ya kuuliza mimi ni kwenye macho. Yenyewe haikuwa inatazama skrini. Ilipewa umbo la njia iliyo mbele kama orodha ya nukta, na magari yaliyoizunguka yalipo, hata ya nyuma, muda wote. Wewe kujua aliye nyuma yako lazima uibie jicho kwenye kioo, na ukiibia umekosa alama ya breki. Sio wizi wa mita 167 kwenye mstari, ila ni faida, na ningependa kuona ikiendesha kwa kutazama tu kile unachotazama wewe.

Kwa wenye Gran Turismo 7, ililetwa kwa muda mfupi Februari 2023 alafu ikarudi kukaa Novemba mwaka huo kwenye baadhi ya njia. Ijaribuni. Kuna tofauti kubwa na yale mashindano ya kawaida ya gemu hiyo hiyo ambapo unaanzia nyuma, gari la kwanza limeshakuacha mbali kabla hujakanyaga gesi, na kazi yako ni kuwapita mmoja mmoja watu ambao kwa kweli hawashindani. Hilo nalo ni ukosefu wa haki tu, ila kwa vile linakupendelea wewe sijapata barua hata moja ya kulilalamikia.

Mi natumia simu. Kila nikiboresha injini na wapinzani nao wanapanda. Sasa naboresha ya nini? – Gereji Kila Siku

Gemu nyingi za simu zinakupangia wapinzani kwa alama ya gari lako, sio kwa uwezo wako. Ukiongeza injini alama inapanda, unapelekwa kwa wenye magari mazito, na kama tairi na breki zako ni zile za mwanzo unakuwa na gari lenye alama kubwa lisilokata kona. Kwahiyo angalia kila kifaa kinapandisha alama kiasi gani, na anza na vile vinavyokupa muda mwingi kwa alama kidogo, mara nyingi tairi. Injini iwe ya mwisho.

Na kama ulicheza Real Racing 3, ile ya 2013, wale wenye majina ya watu uliokimbia nao hawakuwepo pale muda huo. Ilikuwa ni kompyuta inaendesha kwa kufuata muda ambao mtu huyo aliuweka siku nyingine. Mimi huo mpango niliupenda, muda ulikuwa wa mtu kweli na haukupanda kwasababu wewe umepanda. Ila gari lake uliweza kuligonga na lenyewe likakugonga, kwahiyo usimtumie huyo mtu meseji ya matusi, hajui hata kama mlikimbia.